Matokeo ya NECTA yametoka: mwalimu wa somo aangalie wapi?

Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) akishamaliza kutangaza matokeo ya kidato cha nne mbele ya kamera, hakuna ujumbe unaomfuata mwalimu wa Kemia huko aliko. Mkuu wa shule atapokea nyaraka za kituo chake. Mzazi ana namba ya mtihani ya mwanawe na simu mkononi. Mwalimu wa somo anajitafutia mwenyewe, na ndiyo maana si ajabu kumkuta anajua mtoto wa jirani kapata wani, yaani daraja la kwanza, ya pointi ngapi lakini hajui darasa lake lina A ngapi.

Njia za kujitafutia zipo nyingi: tovuti ya Baraza, menyu ya simu, PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, karatasi ya ofisi ya taaluma, kikao cha tathmini cha wilaya, na taarifa za uchambuzi wa majibu. Hapa nazilinganisha kwa jicho la mwalimu, kwa sababu mwalimu na mzazi hawatafuti kitu kimoja. Mzazi anataka mtoto mmoja, masomo yote. Mwalimu wa somo anataka watoto wote, somo moja. Nyingi ya njia hizi zimetengenezwa zimjibu mzazi, na mwalimu akizitumia bila kulijua hilo atamaliza bando na asijue alichokuwa anakitafuta.

Kwa mwenye haraka

Unamtafuta mtoto mmoja na mtandao hauvuti: tumia menyu ya simu. Unalitaka darasa zima: nenda tovuti yenyewe, ukurasa wa shule yako, na ushuke mpaka chini kabisa. Unataka kujua ni mada gani uifundishe kwa namna nyingine mwaka huu: soma taarifa ya uchambuzi, hata kama iliyopo ni ya mwaka uliopita. PDF ya WhatsApp ni ya kupashana habari tu, usiijengee ripoti. Karatasi ya taaluma ndiyo yenye majina, kwa hiyo utaihitaji vyovyote iwavyo.

Mengine yote hapa chini ni sababu.

Simu ya kitochi na tovuti

Menyu ya simu inadharauliwa na wenye simu janja, na si haki. Unapiga *152*00#, unaingia Elimu, kisha NECTA, kisha matokeo, unachagua aina ya mtihani, unaandika namba ya mtahiniwa pamoja na mwaka, na ujumbe unakuja kwa makato madogo ya salio. Haihitaji bando wala simu ya gharama. Siku ya kutangazwa, wakati tovuti imezidiwa na kila mtu anabonyeza mahali pamoja, menyu hii inaweza kukuwahisha.

Ila inakupa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Darasa la watahiniwa 80 ni maombi 80, makato 80 na jumbe 80 za kunakili kwenye daftari. Mwenzangu mmoja huitumia kwa wale wachache tu aliokuwa na wasiwasi nao, kisha analala. Kwa matumizi hayo inaingia akilini.

Tovuti ni habari nyingine. Ukiingia necta.go.tz, upande wa matokeo, unachagua mtihani na mwaka, unafungua orodha ya vituo, unaitafuta shule yako. Vituo vya shule namba zake huanza na S, vya watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Ukifungua kituo, unapata kila mtahiniwa kwa namba yake, jinsi, jumla ya pointi, daraja, na kisha masomo yote yamepangwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoishia: wanahesabu wani, wanahesabu ziro, wanafunga.

Tahadhari moja kabla hatujasonga. Wiki kadhaa kabla ya matokeo, mtandaoni hujaa kurasa zinazoahidi kwamba ukibofya hapa utayaona. Nyingi zinataka kubofywa tu ili zilipwe kwa matangazo. Ukurasa wa kweli upo kwenye anwani inayoishia na .go.tz. Baraza halijampa mwanablogu yeyote matokeo ya siri.

Kuhusu muda: matokeo ya kidato cha nne siku hizi hutoka mwishoni mwa Januari. Ya mtihani wa 2022 yalitangazwa tarehe 29 Januari 2023, ya 2023 tarehe 25 Januari 2024, ya 2024 tarehe 23 Januari 2025. Kidato cha sita hutoka Julai, darasa la saba kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Saa chache za kwanza tovuti huwa nzito. Ushauri wangu ni kuiacha mpaka usiku wa manane au alfajiri ya kesho yake. Hakuna kitakachobadilika kwenye ukurasa huo kwa kuwa umeuchelewesha saa nane, na bando lako litakushukuru.

Kilicho chini ya ukurasa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tovuti inapoipita njia nyingine yoyote, na ndipo mwalimu anapopaacha.

Chini ya orodha ya watahiniwa kuna jedwali la ufaulu wa kila somo katika kituo hicho. Kila somo lina msimbo wake, walioandikishwa, waliofanya, wasio na alama endelevu, waliozuiliwa matokeo, waliobaki safi, waliofaulu, GPA (wastani wa pointi) ya somo, na maelezo ya kiwango cha umahiri. Hii ndiyo sehemu pekee iliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu wa somo: watoto wote, somo moja, mstari mmoja.

Safu ya NO-CA itazame kwanza, hata kabla ya GPA. Hapo zinahesabiwa nafasi za watahiniwa ambao alama zao za tathmini endelevu hazikuwepo. Alama hizo huwasilishwa na shule. Ukikuta namba hapo, swali la kwanza haliwahusu wanafunzi, linahusu ofisi.

Halafu GPA. Kumbuka kwamba katika mfumo huu A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa hiyo GPA ndogo ndiyo nzuri. Lakini GPA peke yake inaficha mambo. Chukua mfano wa kubuni: shule yenye watahiniwa 80 wa Hisabati. Mwaka wa kwanza wamepata A moja, B mbili, C tisa, D kumi na mbili, na F hamsini na sita. Waliofaulu ni 24, GPA ni 4.5. Mwaka wa pili hakuna A, kuna B moja, C tano, D thelathini, na F arobaini na nne. Waliofaulu wamepanda hadi 36, sawa na asilimia 45 kutoka asilimia 30. GPA imekuwa 4.4625. Haijasogea hata nusu ya sehemu ya kumi.

Sasa fikiria mazungumzo ofisini:

"Mwalimu, Hisabati bado tuko palepale. Nne nukta tano, nne nukta nne sita."

"Mkuu, naomba tuhesabu vichwa kwanza. Kumi na wawili zaidi wamevuka."

Wote wawili wanasema kweli. Mkuu anasoma wastani, mwalimu anasoma waliotoka F kwenda D. Na kuna jambo ambalo hakuna kati yao amelisema: wale waliokuwa juu wameporomoka, C zimetoka tisa hadi tano. Mwalimu amewainua wa chini na amewapoteza wa juu. Hilo huwezi kuliona kwenye mstari wa somo, kwa sababu jedwali la chini halikuambii A ngapi na C ngapi. Inabidi urudi juu ukazihesabu mwenyewe.

Kuhesabu si kazi ngumu kama inavyoonekana. Masomo ya kila mtahiniwa yapo ndani ya kisanduku kimoja, hivyo ukihamishia kwenye Excel utapata mstari mrefu usiogawanyika na utaanza kulaani. Njia fupi ni hii: kwenye ukurasa wenyewe, nakili kipande chenye somo lako pamoja na gredi, mathalani cha Hisabati chenye D, kama kilivyo na alama zake zote. Kisha fungua kitufe cha kutafuta ndani ya ukurasa, bandika. Kivinjari kitakuandikia kipande hicho kimeonekana mara ngapi. Badilisha herufi, rudia. Mara tano, na unao mgawanyo wote wa gredi za somo lako. Hata kwenye simu inafanya kazi.

Kitu ambacho tovuti haikupi ni alama zenyewe. F ya kidato cha nne huanzia 0 mpaka 29, D ni 30 mpaka 44. Mtoto wa 29 na mtoto wa 4 wote ni F, na mwalimu aliyemfikisha mmoja 29 hana pa kuonyesha jasho lake. Pia haikupi majina, hilo tutalirudia.

Na usiisome namba yako ukiwa umejifungia. Taarifa ya Katibu Mtendaji, ile anayoisoma siku ya kutangaza, huwekwa tovutini na huwa na ufaulu wa kitaifa kwa kila somo. Hisabati kidato cha nne kwa miaka hii ya karibuni imekuwa ikifaulisha takriban robo ya watahiniwa nchi nzima. Kwa kipimo hicho, hata ule mwaka wa kwanza wa mfano wetu, asilimia 30, shule ile ilikuwa juu ya wastani wa taifa. Mwalimu wa Kiswahili mwenye asilimia 95 hana sababu ya kumcheka mwenzake wa Hisabati mwenye 40.

PDF ya grupu la walimu

Dakika ishirini baada ya kutangazwa, grupu linapokea faili. Limeshapitia magrupu mengine sita, jina lake limekatwa, na chini yake mtu ameandika "hongereni wote". Kwa kasi, hakuna linaloshindana nalo. Kwa mwalimu aliye mbali na mtandao wa maana, picha ya skrini ya ukurasa wa shule yake ni msaada mkubwa.

Shida yake ni kwamba faili halibadiliki, na matokeo yanaweza kubadilika. Waliozuiliwa huja kuachiliwa au kufutiwa. Rufaa ikikubaliwa gredi hubadilika. Ukurasa wa tovuti unaweza kurekebishwa. Faili lako litabaki kama lilivyokuwa usiku ule.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapahapa nyumbani. Februari 2013 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakachakatwa upya, na Mei mwaka uleule yakatangazwa mengine. Mwalimu mwenye nakala ya Februari na mwalimu mwenye nakala ya Mei wana karatasi mbili za mtihani mmoja zisizofanana, na zote zilikuwa rasmi siku zilipotoka. Ukihifadhi faili, basi andika tarehe uliyolipakua. Ni mambo ya sekunde tano.

Na ukianza kulinganisha miaka, kuna mtego mwingine. Matokeo ya 2014 yaliyotoka mwanzoni mwa 2015 yalitumia Distinction, Merit na Credit badala ya madaraja (Division), na kwa mtahiniwa GPA kubwa ndiyo ilikuwa nzuri. Mwaka 2016 tukarudi kwenye Division. Mwalimu anayechora grafu ya miaka kumi na mbili ya somo lake bila kulijua hilo atadhani mwaka mmoja dunia ilipinduka.

Karatasi ya taaluma na kikao cha wilaya

Ofisi ya taaluma inaweza kuwa na kitu ambacho tovuti haina: orodha ya usajili. Ukurasa wa kidato cha nne una namba na jinsi bila majina. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata, hivyo ukiwa na orodha ya usajili unaoanisha namba na jina kwa robo saa. Bila orodha hiyo utabaki unakisia kwamba 0047 ni yule kijana aliyekuwa anakaa dirishani.

Mwalimu wa taaluma mzuri huandaa jedwali la majina na gredi za kila somo, analibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu, na kazi imekwisha. Asiye mzuri huandaa orodha ya madaraja tu, wani ngapi, tuu ngapi, ziro ngapi, kwa sababu hiyo ndiyo afisa elimu atamuuliza. Daraja linatokana na masomo saba bora, wani ikiwa pointi 7 hadi 17 na ziro 34 hadi 35. Ni kipimo cha mtoto na cha shule. Kwa mwalimu wa somo halisemi lolote. Mtoto anaweza kupata wani na kuwa na F ya Fizikia, na mwalimu wa Fizikia akapigiwa makofi pamoja na wengine.

Kikao cha tathmini cha wilaya kinakuja baadaye, wiki au miezi. Huko unakutana na shule nyingine, na hiyo ndiyo thamani yake: ukikuta shule ya kata kama yako, yenye walimu wachache kama ninyi, imewapita mbali kwenye somo lako, mtafute mwalimu wake wakati wa chai. Hiyo chai ina manufaa kuliko projekta. Projekta itaonyesha nafasi. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, uamuzi uliosikika sana Januari 2023, lakini kwenye vikao nilivyohudhuria mimi orodha ya kwanza hadi ya mwisho bado ipo ukutani, na wa mwisho bado anasimamishwa ajieleze. Ukienda na mgawanyo wako wa gredi mfukoni utajieleza vizuri zaidi kuliko anayekwenda na GPA peke yake.

Taarifa ya uchambuzi wa majibu

Hii ndiyo inayosomwa na wachache, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote kwa kazi ya darasani. Baada ya mitihani, Baraza huandaa taarifa kwa kila somo na kuziweka tovutini bure. Swali baada ya swali, inaeleza swali lilidai nini, asilimia ngapi walipata alama za juu, za kati na za chini, na kwa nini walioshindwa walishindwa. Inabandika picha za majibu halisi ya watahiniwa, mwandiko wao uleule, jibu zuri na jibu baya. Mwishoni kuna jedwali la mada na rangi: kijani kwa mada zilizofanywa vizuri, njano kwa za wastani, nyekundu kwa dhaifu. Kwa kidato cha nne mpaka wa kijani ni asilimia 65, nyekundu iko chini ya 30.

Ilinganishe na tovuti ya matokeo uone tofauti. Tovuti inakuambia wanafunzi wako 44 wamepata F. Taarifa inakuambia watahiniwa wa nchi nzima walichanganya kanuni gani, walilielewa vipi neno la amri kwenye swali, walinakili nini kutoka kwenye kifungu cha habari badala ya kujibu. Ya kwanza inakuhusu wewe lakini haina sababu. Ya pili ina sababu lakini haikuhusu wewe moja kwa moja, maana ni ya taifa. Hakuna ukurasa wa shule yako humo. Kuziunganisha ni kazi ya mwalimu. Chukua mada nyekundu, tafuta maswali ya mada hizo kwenye mtihani wa moko (wa majaribio) uliosahihisha mwenyewe, angalia kama wako nao walianguka palepale.

Udhaifu wake ni mbili. Inachelewa, matokeo yanakuwa yameshasahaulika mitaani ndipo inatoka. Na zile za sekondari, ukiondoa ya somo la Kiswahili, zimeandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho huwezi kumpa mwanafunzi akasoma akaelewa. Za darasa la saba zipo kwa Kiswahili na zinasomeka vizuri. Mwalimu wa kidato cha kwanza angefanya vema kuzipitia hizo kabla hajalalamika kwamba wanafunzi walioletwa hawajui kitu.

Mtihani upi unastahili usiku wako

Swali hili hulisikii mara nyingi, nami naona ni zito kuliko la njia. Matokeo ya kidato cha nne yanakuja mtoto ameshaondoka. Unajifunza kuhusu ufundishaji wako, lakini yule Asha uliyemwona ana F huna tena nafasi ya kumsaidia darasani. Upimaji wa kidato cha pili na wa darasa la nne matokeo yake hutoka mapema Januari, na watoto walewale unawakuta mbele yako wiki inayofuata. Ukurasa wa kidato cha pili kwenye tovuti unasomwa kwa namna inayokaribiana. Kama una usiku mmoja tu wa kuhesabu gredi moja moja, utumie kwa kidato cha pili. Ajabu ni kwamba magrupu yote huwaka kwa kidato cha nne, na kidato cha pili hupita kama mvua ya usiku.

Kwa wenzetu wa Zanzibar, kidato cha nne na cha sita ni NECTA kama Bara, lakini kidato cha pili kipo chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, kwa hiyo usiitafute shule ya Unguja kwenye orodha ya Dar es Salaam ukadhani imefutwa.

Kwa mwalimu aliye upande wa Kenya

Mpangilio unafanana, milango ni tofauti. Mkuu wa shule huingia kwenye mfumo wa KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, na kupakua matokeo ya shule nzima, hivyo mwalimu wa somo anamtegemea yeye zaidi kuliko Mtanzania anavyomtegemea wake. Mtahiniwa naye kwa miaka mingi alituma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20076, ikaja 40054, na kwa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) ya 2024, iliyotangazwa Januari 2025, akaelekezwa kwenye ukurasa wa mtandaoni anakoandika namba na jina.

KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya mwisho, ya 2023, ilionyesha hatari ya kutegemea ujumbe mfupi peke yake. Baadhi ya watahiniwa walipokea jumbe zenye makosa, wengine wakionyeshwa alama za Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili ilhali hawakuisoma, na KNEC ikakiri kwamba hitilafu ilikuwa kwenye utumaji. Mwalimu aliyekuwa na karatasi iliyopakuliwa na mkuu wake alikuwa na cha kulinganishia.

Na mkikutana mpakani mkaanza kutambiana wastani, kumbukeni kwamba Kenya A ni pointi 12 na E ni 1, kubwa ndiyo nzuri. Mtanzania akisema shule yake ina 2.1 anajisifu, Mkenya akiisikia atampa pole.

Kabla ya siku yenyewe

Orodha ya usajili iombe ofisi ya taaluma Oktoba, kabla mtihani haujaanza, wakati karatasi hizo zipo mezani. Ikifika Januari zitakuwa kwenye kabati ambalo funguo anazo mtu aliyehamishwa. Pembeni ya kila jina andika gredi aliyopata kwenye moko. Matokeo yakitoka, macho yako yatakwenda yenyewe kwa waliotofautiana sana na moko: aliyekuwa na B akapata F, aliyekuwa na D akapata A. Wengi watakuwa na maelezo ya kawaida. Mmoja mmoja hatakuwa nayo, na kwa huyo kuna rufaa, ambayo hupitia kwa mkuu wa shule, ina ada na ina mwisho wa kupokelewa. Mtoto huyo ameshaondoka shuleni, huenda yuko kijijini na hajui kama anaweza kuikata. Mpigie mzazi wake siku hiyohiyo, kisha ndipo umwone mkuu.